Ndoana ikishaingia kinywani mwa papa

Papa akifikishwa ubavuni mwa chombo, macho ya wote huwa kwenye ndoana. Mmoja anatafuta plaizi, mwingine anauliza kulabu ya kumvutia chomboni iko wapi, na hakosi mtu, mara nyingi mwenye mali, anayesema waya usikatwe kwa sababu ndoana ni ya bei. Hapo ndipo vidole huondoka, na hapo ndipo papa ambaye angerudi baharini mzima huchanwa koo. Nawaandikia mabaharia wa boti za uvuvi wa burudani kuanzia Malindi na Watamu hadi mkondo wa Pemba na Mafia, pamoja na wavuvi wa mshipi na dhulumati (mshipi mrefu wenye ndoana nyingi) wanaompata papa wasiyemtaka: mtoto, jike mwenye mimba, au aina isiyoruhusiwa. Anayemtaka papa kwa ajili ya ng'onda naye atapata la kumfaa, maana papa aliyekufa bado huuma.

Msimamo wangu niuseme mapema. Ndoana ikiwa mahali usipopaona, kata waya, iende na papa. Ikiwa mahali unapopaona, una dakika mbili au tatu za kuitoa, na zikiisha, kata pia.

Kinywa kilivyo

Papa hana mfupa mwilini. Fuvu, taya na uti wa mgongo ni gegedu, ingawa taya hufunikwa na tabaka la chokaa linalozipa ugumu. Meno hayakushindiliwa ndani ya taya kama yetu. Yameshikwa na ufizi, safu nyuma ya safu, na zile za nyuma hulala zikielekea kooni zikingoja zamu. Jino la mbele likidondoka, la nyuma yake husogea na kusimama. Kwa aina kadhaa zamu hiyo ni ya siku chache, kwa nyingine ni ya wiki na zaidi, na maji ya baridi huirefusha. Kwa hiyo jino likivunjika wakati unahangaika na ndoana, papa hajapoteza kitu. Ufizi ukichanika hiyo ni habari nyingine, kwa kuwa meno mapya yanatengenezwa humo.

Taya ya juu nayo haikuungana na fuvu; imeshikizwa kwa kano. Papa anapouma huinua pua na kuisukuma taya mbele mpaka itokeze nje ya midomo. Nafasi uliyoipima kwa macho wakati kinywa kimefumbwa haitoshi kinapofumbuliwa. Halafu kuna wepesi wa mgongo: papa wa urefu wa mita moja, ukimshika mkia peke yake, hujipinda akaufikia mkono ulioushika. Watu humwogopa papa mkubwa na kumdharau huyu, kisha huyu ndiye anayewauma.

Kinywa pia ndicho kinachokuambia una papa gani. Papa chuimilia, yule mwenye mistari ubavuni na pua butu, ana meno mapana yaliyopinda upande mmoja, ya juu na ya chini yakifanana. Anaweza kuiuma nailoni nene akaikata kama haipo. Papa fahali, mnene wa pua fupi anayepanda hadi mitoni, ana meno ya juu ya pembetatu yenye makali ya msumeno na ya chini membamba: ya chini hushika, ya juu hukata. Mako ana meno marefu kama sindano yanayoonekana hata akifumba mdomo, na ana desturi ya kuruka juu ya maji akiwa kwenye mshipi, kwa hiyo usimvute karibu na chombo akiwa bado na nguvu. Papa usingizi, yule wa chini ya miamba mwenye vindevu viwili, ana meno madogo yasiyotisha, lakini hufyonza na kung'ang'ania. Akiuma haachii, na kumvuta kwa nguvu huchana nyama yako. Pingusi, mwenye kichwa cha nyundo, kinywa chake ni kidogo na kiko chini kabisa ya kichwa, hivyo ukiwa juu yake chomboni huioni ndoana hata akiwa mtulivu. Na papa wa mkia mrefu hupiga chambo kwa mkia kabla ya kula. Mara nyingi huja kinyumenyume, ndoana ikiwa imemnasa mkiani, na hapo matamvua hayapati maji ya kutosha. Huyo hasubiri dakika tatu.

Uamuzi huanza dukani

Sehemu kubwa ya kazi ya kutoa ndoana hufanyika siku unapoinunua. Ndoana ya kawaida yenye umbo la J hushika popote ncha inapogusa, na papa akishameza, ncha hugusa koo au tumbo. Ndoana ya mviringo ncha yake imerudi kulitazama shina. Papa akiimeza, ukikaza mshipi taratibu huteleza kurudi bila kushika hadi ifike kwenye kona ya taya. Pale hugeuka na kuzama. Masharti yake ni mawili. La kwanza, usipige mshipi kwa kishindo. Mwache papa aondoke na chambo, mshipi ujikaze wenyewe. Mabaharia waliozoea J hushindwa hapa, kisha wakasema ndoana ya mviringo haishiki. La pili, ncha iwe katika mstari mmoja na shina. Ukiilaza ndoana juu ya meza na ncha ikainuka kando, umepewa ile iliyopindwa, na hiyo huweza kuzama kooni kama J.

Kwa papa wa mita moja hadi moja na nusu, namba 9/0 hadi 12/0 inatosha. Kwa wakubwa ni 16/0 hadi 20/0. Namba hizi hutofautiana kidogo kati ya viwanda, kwa hiyo amini jicho lako kuliko karatasi ya pakiti. Ndoana ndogo sana kwa papa mkubwa humezwa hadi tumboni.

Kisha chuma chenyewe. Chagua chuma cha kawaida kinachoshika kutu, usichukue stenlesi. Watafiti waliowafuatilia papa chuimilia wa Tahiti kwa miaka kadhaa, wakiwatambua kwa picha, waliziona ndoana za stenlesi zikikaa mdomoni zaidi ya miaka 7, wakati za chuma cha kawaida zilioza na kudondoka mapema zaidi. Muuzaji atakuambia stenlesi hudumu. Ni kweli inadumu, na ndiyo lawama yenyewe.

Bonyeza kile kijino cha nyuma ya ncha kwa plaizi mpaka kilale kabisa, upapase kwa kidole uhakikishe hakikwami. Mshipi ukibaki umekazwa, papa hatoki kwa sababu ya kijino kulala. Anayetoka ni yule uliyemlegezea. Kazi ya kutoa hupungua nusu, na siku ndoana ikikuingia wewe utashukuru.

Waya uwe na mita moja na nusu hadi mbili upande wa ndoana, kwa ajili ya meno. Juu yake unga nailoni nene ya mita mbili au tatu, kwa ajili ya ngozi: magamba ya papa ni vijimeno vidogo vinavyoelekea nyuma, na mkia ukipiga mshipi mwembamba mara chache tu hukatika. Papa akikatika hapo anaondoka na mita kadhaa za waya na nailoni, na huo ni mzigo mbaya kwake kuliko ndoana. Mshipi mkuu nao uwe na nguvu ya kummaliza papa haraka. Kumshinda papa kwa mshipi mwembamba kwa saa moja na nusu ni sifa ya mvuvi, lakini papa huishiwa nguvu kwa asidi iliyojaa kwenye misuli, na anaweza kufa baada ya kuachiwa, mahali usipomwona.

Jimbo la Florida nchini Marekani liliyafanya mengi ya haya kuwa sheria kwa wanaovua papa kutoka ufukweni, kuanzia Julai 2019: ndoana ya mviringo isiyopindwa na isiyo stenlesi kwa anayetumia chambo halisi, kifaa cha kukatia waya au ndoana kiwe mkononi, na papa wa aina zilizokatazwa abaki majini matamvua yakiwa yamezama. Kwetu hakuna haja ya kungoja sheria. Ni mambo ya pakiti ya ndoana na mkasi mmoja.

Vifaa

Mkasi wa kukatia nondo, wa inchi 24, uliopakwa mafuta. Ule wa inchi 14 hukata waya lakini hushindwa na shina la ndoana ya 16/0, na utaligundua hilo kwa wakati mbaya. Plaizi ndefu kwa papa wadogo. Kisu chenye makali, kikiwa mahali pamoja siku zote. Kamba laini ya kitanzi cha mkia, nene kama kidole gumba. Glavu nene za mkono mzima. Taulo moja.

Na chuma cha kutolea ndoana. Cha dukani ni kizuri, lakini fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea: fimbo ya chuma ya milimita 8, urefu wa mita moja na nusu, mpini upande mmoja, na upande wa pili ncha isokotwe kuwa kipete cha mzunguko mmoja na nusu, chenye uwazi wa kupitisha waya kutoka ubavuni. Kipete kiwe na upana wa kuingia kwenye pindo la ndoana na kisizidi sana; kikiwa kipana, ndoana hucheza ndani yake na nguvu yako hupotea. Chonga kingo zote ziwe butu.

Kulabu, kwa papa wa kuachiwa, ibaki kwenye sanduku.

Ubavuni mwa chombo

Mwenye usukani aende mbele polepole, kasi ya kutembea tu, papa akiwa ameelekeza kichwa kule chombo kinakokwenda. Maji yapite mdomoni na kutoka matamvuani. Papa wengi wa bahari kuu, mako na pingusi wakiwemo, hupumua kwa kuogelea. Wakisimama hukosa hewa. Papa usingizi na wenzake wa chini hujisukumia maji wenyewe, hivyo wao huvumilia zaidi.

Mtu mmoja ashike waya. Aushike kwa kiganja na glavu, asiuviringe mkononi kabisa, maana papa akizama ghafla mkono ulioviringiwa waya huzama naye. Wa pili ashike chuma au mkasi. Wa tatu, kama yupo, apitishe kitanzi mkiani na kukikaza kiasi cha kumzuia asipige, asimninginize. Watu wanne au watano ubavuni hawaongezi kitu isipokuwa makelele, na chombo kidogo kinalala upande.

Usimpandishe chomboni. Papa hana mbavu za kubeba matumbo, na ini lake, lile linalotoa mafuta ya sifa wanayopaka majahazi, ni kubwa na zito. Ndani ya maji vyote huelea. Juu ya mbao uzito wote hulalia viungo vya chini. Kumninginiza kwa mkia ni vibaya zaidi, maana pingili za mgongo huvutana hadi kuachana. Picha ipigwe akiwa majini.

Sasa angalia ndoana iko wapi. Ikiwa kwenye kona ya taya, na ya mviringo kwa kawaida iko hapo, ingiza waya kwenye kipete cha chuma, kiteleze chini hadi kikae kwenye pindo la ndoana. Mwenye waya aukaze ulale sambamba na fimbo. Kisha sukuma fimbo kuelekea kule ncha ilikoingilia, ukizungusha kiganja kidogo. Ndoana iliyobonyezwa kijino hutoka kwa msukumo mmoja. Ikigoma mara mbili, usiendelee kuisokota. Kila mzunguko unapanua tundu. Chukua mkasi. Kama ncha imetokeza upande wa pili, kata ncha na kijino chake, kisha rudisha shina nyuma. Kama haikutokeza, kata shina karibu na ngozi uwezavyo. Kipande kilichobaki, kikiwa chuma cha kawaida, kitaoza.

Kosa linalorudiwa sana ni kuivuta ndoana kwa waya kuelekea kwako. Ndoana iliyoingia inataka kurudi njia iliyojia, yaani nyuma kwanza. Kuvuta kunaizamisha.

Kama huioni, au unaona waya tu ukipotelea kooni, imemezwa. Moyo wa papa upo chini ya koo, karibu na matamvua, na ini linafuata nyuma yake. Ncha iliyotoboa ukuta wa koo iko jirani na vyote viwili, na mkono wako ukivuta unaendesha kisu ambacho huoni kinakata nini. Kata waya karibu na mdomo iwezekanavyo. Kanuni za Marekani kwa wavuvi wa dhulumati upande wa Atlantiki zinataka kisibaki kipande kirefu kuliko futi 3, yaani sentimita 91, lakini ukiweza kuacha kiganja kimoja, acha kiganja kimoja. Waya mrefu hujiviringa kwenye mapezi na matamvua, huota majani na wanyama wa baharini, na hukwama miambani.

Ndoana ikiwa kwenye matamvua, usiguse. Kata. Nyama ile ni mishipa ya damu mitupu.

Kuna jambo moja linalowashtua watu: papa anatoa mfuko wa rangi ya waridi mdomoni. Ni tumbo lake. Papa huweza kulipindua nje kulisafisha, na hufanya hivyo pia anapopambana. Si ugonjwa, na si kitu cha kukatwa wala kurudishwa kwa mkono. Mkatie waya, atalimeza mwenyewe.

Pingusi ana kanuni yake peke yake: usijaribu kutoa ndoana ambayo haionekani mara moja. Huyu huchoka vibaya kuliko papa wengine kwenye mshipi, na anaweza kuogelea vizuri mbele yako kisha akafa baadaye. Kata na umwache.

Wageni wanaoishi mdomoni

Wakati kinywa kiko wazi utaona vitu vinavyotembea. Watu hudhani papa ni mgonjwa, wengine huanza kuvibandua, na wakati unakwenda.

Ruba wa baharini hukaa kwenye ufizi, kando ya pua, na kwa madume kwenye viungo vya uzazi chini ya tumbo. Ana rangi ya kahawia au kijivu, na hujivuta kama ruba wa mtoni. Papa wa chini ndio wenye ruba wengi, kwa kuwa hulala palepale muda mrefu. Ruba akidondoka kwenye glavu hana neno, mrudishe majini.

Wale bapa wa kahawia, wa milimita chache hadi sentimita moja hivi, waliojipanga kwenye kingo za mapezi na wakati mwingine midomoni, ni kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba na kaa. Nyuzi mbili zinazoning'inia nyuma ni vifuko vya mayai vya jike. Wana kulabu za kushikia ngozi, na ukiwang'oa kwa kucha huacha vidonda. Kuna aina inayojishikiza kwenye jicho la papa wa Greenland, kwenye maji ya baridi kali ya kaskazini, na papa huyo huishi naye miaka akiwa anaona kwa shida. Huku kwetu macho ya papa mara nyingi ni safi, shida iko kwenye matamvua. Pale utaona vipunje vya rangi ya damu vilivyovimba: mabuu wa isopodi, nao ni jamaa wa mbali wa kamba na kaa, wanaonyonya kisha hujiachia na kwenda kujibadilisha chini ya bahari. Wachache hawamdhuru papa. Wengi sana kwa papa mdogo ni dalili kwamba amedhoofu, na mdhaifu hastahili hata zile dakika tatu.

Chazo simhesabu miongoni mwa vimelea. Hujibandika kwa kile kibao cha kichwani, hula mabaki na baadhi ya vijidudu hivi hivi. Wakati mwingine hujificha ndani ya kinywa au matamvua papa akinaswa. Akikuzuia kuiona ndoana, usimvute kwa mkia, kwa kuwa kibao hushika zaidi kikivutwa nyuma. Msukume mbele, kuelekea pua ya papa, ataachia.

Minyoo ya tumboni utaiona tu ukimpasua. Utumbo wa papa una mkunjo wa ndani unaozunguka kama ngazi ya mnara, na humo ndimo tegu wa papa hukaa, weupe, wakati mwingine kwa mamia. Mayai yao hutoka na kinyesi, huliwa na viumbe vidogo, hao huliwa na samaki, na papa anapomla samaki mzunguko umekamilika. Ndiyo maana mabuu wa tegu hao huonekana ndani ya nyama ya samaki kama jodari na chewa, vipunje vyeupe vinavyowafanya wateja wamrudishe samaki. Hawaishi ndani ya mtu na moto unawaua. Mnyoo wa kuogopa ni ule mwembamba uliojikunja kama springi kwenye matumbo ya samaki, anisakisi, ambao ukiliwa mzima hutoboa ukuta wa tumbo na kuleta maumivu makali, na wengine huota vipele. Nyama ipikwe hadi ndani ifike nyuzi 60 na zaidi, au igandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 kama italiwa mbichi. Chumvi kidogo na limau havimuui. Mtoe samaki matumbo mapema, maana mnyoo huyu huhama kwenda kwenye minofu samaki akishakufa.

Kuhusu papa wa kuachiwa, jibu la vimelea vyote ni moja: viache. Jeraha la ndoana lililochanika ni mlango mkubwa kuliko ruba kumi.

Ufukweni

Mvue na umtolee ndoana kwenye maji ya magotini, kichwa kikiangalia mawimbi yanakotoka. Usimburute kinyumenyume mchangani; mchanga huingia matamvuani na hautoki. Usimshike kwa kuingiza vidole kwenye nyufa za matamvua hata kama ndiyo mshiko rahisi. Papa mdogo ashikwe kwa mikono miwili, mmoja nyuma ya kichwa kwenye shingo ya juu, mwingine penye kiungo cha mkia. Taulo lililoloweshwa juu ya macho hutuliza baadhi yao.

Baada ya ndoana kutoka, mwelekeze mbele ndani ya maji, mbele tu. Ile desturi ya kumsukuma mbele na nyuma humwingizia maji kinyume. Akianza kupiga mkia kwa nguvu zake, achia mkia kwanza, kisha kichwa, na wewe urudi nyuma kwa hatua mbili, kwa sababu baadhi hugeuka.

Aliyekufa

Taya za papa aliyekufa huweza kufumba kwa kishindo muda mrefu baada ya kutulia, ukigusa ufizi au kuvuta ndoana. Weka kipande cha gogo katikati ya taya kabla ya kuingiza kitu chochote, na mkono usiingie hata hivyo. Kata kichwa kwanza, ndoana itolewe baadaye. Mtoe damu mara moja na umweke kwenye barafu, la sivyo urea iliyomo mwilini hugeuka amonia na nyama hunuka mkojo kabla hujafika gatini.

Ndoana ikikuingia wewe

Kama papa bado yuko kwenye waya, kata waya kabla ya neno lingine lolote. Watu hupoteza sekunde wakiangalia kidonda wakati upande wa pili unavuta.

Ndoana iliyo karibu na jicho, shingoni, au ndani ya kiungo haitolewi chomboni. Ifunge isicheze, nenda hospitali. Ya 16/0 pia, popote ilipo. Ndogo iliyoingia kwenye nyama ya mkono: kama kijino kimebonyezwa, irudishe ilikoingilia. Kama kijino kipo, chukua uzi imara wa sentimita 60, upitishe kwenye pindo la ndoana, bonyeza shina chini ligusane na ngozi ili kijino kiachie, kisha vuta uzi kwa mkupuo mmoja sambamba na ngozi. Kusitasita ndiko kunakoumiza. Wengine wakae mbali, ndoana huruka.

Kwa jeraha la meno, kandamiza kwa kitambaa kwa nguvu zote na usifunue kuangalia. Damu ikiruka kwa mapigo, funga kamba pana juu ya jeraha, vidole vinne hivi kuelekea mwilini, kaza hadi ikome, na andika saa uliyofunga. Mlaze majeruhi.

Tundu dogo lisidharauliwe. Osha kwa maji safi na sabuni kwa dakika kadhaa, usilifunge kwa gundi wala kulishona mwenyewe, na uulizie chanjo ya pepopunda. Bakteria wa maji ya chumvi jamii ya vibrio huweza kuvimbisha mkono ndani ya saa chache, na mwenye ugonjwa wa ini au kisukari yuko hatarini zaidi. Ukiona wekundu unapanda, malengelenge au homa, usingoje asubuhi. Ukifika, mweleze daktari waziwazi kwamba jeraha ni la baharini na limeguswa na samaki, kwa kuwa dawa anayoanza nayo kwa kidonda cha kawaida huenda isiwe ile inayowaua hawa.